Trekta halikumuua mhunzi

Ukiuliza kwa nini sauti ya nyundo na fuawe imepungua vijijini, utajibiwa haraka: "Mashine zimekuja." Jibu hilo lina ukweli kidogo tu. Pemba ni vilima na mabonde, na upande wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, shamba ni jiwe la matumbawe lenye udongo katika mianya. Trekta litalima wapi hapo? Jembe la mkono lingali linafanya kazi. Kilichobadilika ni mahali linakotoka: linashuka bandarini likiwa tayari, limefuliwa kiwandani kwa maelfu.

Na gari, ambalo ni mashine hasa, lilimletea mhunzi neema. Springi bapa ya gari ni chuma chenye kaboni ya kutosha, tofauti na nondo laini ya ujenzi. Mhunzi huipasha kwa makaa, mivukuto ikipuliza hadi iwe nyekundu, huifua panga au shoka, kisha huitia maji. Chuma kilichopoa ghafla huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kigae, kwa hiyo hupashwa tena kidogo ili kipate ustahimilivu. Rangi ya chuma ndiyo kipimajoto chake. Nondo ukiifanyia hayo yote, makali hayakai.

Basi mshindani wake ni duka, si trekta. Ila duka haliwezi kukutilia makali mapya kwenye shoka lililokwisha, wala kukutengenezea ulimi wa mbuzi ya nazi kwa kipimo unachotaka.