Umbali wa angani: kutoka KIA hadi Guangzhou ni saa ngapi?

Ukiuliza simu yako KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) na Guangzhou, jiji la China, zimepishana kiasi gani, utajibiwa kilomita 8,760 hivi. Huo ndio umbali wa angani, yaani njia fupi kuliko zote juu ya mgongo wa dunia. Chukua uzi, bana ncha moja Kilimanjaro na nyingine Guangzhou kwenye lile tufe la darasani, kisha uvute ukaze. Unapolalia uzi ndipo penyewe. Kwenye ramani ya ukutani njia hiyohiyo huonekana imepinda, kwa sababu ramani imelazimisha kitu cha mviringo kilale bapa.

Sasa usikimbilie kugawanya kwa mwendo wa ndege, kilomita 850 hadi 900 kwa saa, ukasema ni saa kumi tu. Wanaofuata mzigo China kutoka Arusha na Moshi huunganisha ndege njiani. Ukipitia Addis Ababa, unaruka kama kilomita 1,390, halafu 8,040: jumla 9,430. Kupitia Doha inafika 9,750 hivi. Tofauti si kubwa. Kinachokula muda ni kusubiri ndege ya pili.

Tuseme umeondoka KIA saa 11 jioni, ukatua Guangzhou saa 8 mchana kesho yake. Kwa kuhesabu saa za ukutani ni saa 21. Lakini China wako mbele yetu kwa saa 5. Unapotua, Moshi bado ni saa 3 asubuhi, watu wanakunywa chai. Kwa hiyo umesafiri saa 16: mbili na nusu hadi Addis, nne za kukaa kwenye benchi, tisa na nusu za kuruka. Wakati wa kurudi, saa za kuruka huongezeka, maana upepo mkali wa huko juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki: unakusukuma ukienda, unakukabili ukirudi.

Ila kinachoponza watu wengi zaidi, kwa ninavyoona, si kilomita wala upepo. Ni tiketi. Tiketi huandika saa za nchi ya kila kiwanja, tena kwa mtindo wa 24: 17:00 ni saa 11 jioni yetu. Hapo wengi wanamudu. Balaa ni 00:40. Jirani yangu mmoja wa Moshi, muuza vipuri, tiketi yake ilisema tarehe 12, 00:40. Hiyo ni saa 6 na dakika 40 usiku wa kuamkia tarehe 12, yaani unatoka nyumbani tarehe 11 jioni. Yeye tarehe 11 alilala vizuri. Kesho yake jioni alifika KIA na begi lake jipya, ndege ikiwa imeondoka tangu usiku uliopita.