Ushuru wa Marekani haulipwi na China

Ndugu zangu, nimechoka kusikia kwamba Marekani "imeitoza China" na pesa zinatoka Beijing. Tangu Aprili 2025, Rais Trump alipotangaza ushuru wa chini wa asilimia 10 kwa bidhaa za karibu kila nchi, Tanzania ikiwemo, nayasikia haya Soko la Majengo na kwa wateja wangu waliosomea biashara. Mimi ni wakala wa forodha hapa Dodoma. Ushuru hulipwa na mwagizaji. Kontena likishuka Los Angeles, anayedaiwa ni kampuni ya Marekani iliyoagiza mzigo.

Mbona kwenye mafuta ya kula tunaelewa? Bajeti ya 2018/19 ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya kula hadi asilimia 25, yaliyosafishwa hadi 35. Nani alisema Malaysia ndiyo italipa? Mwagizaji wa Dar es Salaam analipa TRA, mamlaka yetu ya mapato, ndipo mzigo unatoka bandarini. Mafuta hayo ya mawese ya nje yakipanda bei, mkulima wa alizeti wa Singida anauza kwa bei nzuri zaidi, na mama ntilie anaongeza pesa kwenye dumu.

Kinachoniudhi zaidi ni wanaoishia hapo, wakidhani aliyelipa forodhani ndiye aliyebeba yote. Mwagizaji anaweza kumbana muuzaji ashushe bei, akala hasara mwenyewe, au akamsukumia mnunuzi. Ushuru wa Marekani wa 2018 uliangukia karibu wote kwa Wamarekani wenyewe, ila kwenye chuma wauzaji wa nje walikuja kushusha bei. Mashine za kufulia zilitozwa zikapanda. Za kukaushia hazikutozwa, nazo zikapanda, kwa sababu madukani huuzwa pamoja. Ndiyo maana mteja akiniuliza mapema nani ataumia kwa kiasi gani, simpi asilimia. Vitabu vya uchumi huchora mistari miwili, wa wauzaji na wa wanunuzi, ikakatana, jibu likapatikana. Mimi siuamini sana mchoro huo, kwa sababu haumwoni mtu aliyekwisha saini mkataba na mzigo wake uko baharini. Ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China ulifika asilimia 145 Aprili 2025, Mei ukashuka hadi 30. Huyo mtu apange bei gani?

Na msiseme hayatuhusu. Bidhaa iliyokosa mlango Marekani hutafuta soko kwingine, ikiwezekana kwa bei ya kutupa. Ikishuka Dar es Salaam, mnunuzi atafurahi. Fundi wa hapa anayetengeneza bidhaa kama hiyo atabanwa, na ushuru wa Marekani hata haumtaji.