Uvimbe kwenye titi: maumivu si kipimo

Mwanamke akishika uvimbe kwenye titi, swali la kwanza analoulizwa nyumbani ni hili: "Unauma?" Akisema hauumi, dada, jirani na hata mume wanapumua. "Basi si kitu, ni maziwa hayo." Akisema unauma, nyumba nzima inaingiwa na hofu ya kansa. Sisi tunaopokea wagonjwa kwenye kliniki ya matiti tunakutana na kinyume chake kila mara. Saratani ya matiti inapoanza, kwa kawaida haiumi. Matiti yanayouma, hasa yote mawili, siku chache kabla ya hedhi kisha yakatulia damu ikianza, mara nyingi ni kazi ya homoni tu. Matokeo yake, mwenye maumivu anawahi hospitali na kurudishwa nyumbani na vidonge, na asiye na maumivu anakuja mwaka mmoja baadaye, ngozi ikiwa imeshapasuka.

Habari njema ni kwamba uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Kwa msichana au mwanamke wa chini ya miaka 35, unaoongoza ni fibroadenoma: uvimbe wa mviringo, mgumu kiasi, wenye kingo laini, unaoteleza chini ya kidole ukijaribu kuukamata. Fibroadenoma ya kawaida haina tabia ya kugeuka saratani, na si lazima itolewe ikiwa ni ndogo na haikui. Kuanzia miaka 35 hadi karibu na ukomo wa hedhi, tunaona zaidi vifuko vya maji. Hivi vinaweza kujitokeza ghafla na kuuma, na sindano ikivuta maji vinanywea papo hapo. Maji yakitoka na damu, au uvimbe ukibaki baada ya kuvutwa, hatuishii hapo.

Wapo pia wanaokuja wakisema, "Mtoto alinipiga kichwa hapa, ndipo kansa ilipoanzia." Pigo halileti saratani. Linaweza kuua mafuta ya ndani ya titi na kuacha kovu gumu, na kovu hilo hufanana na saratani kiasi cha kumchanganya hata daktari. Au pigo limemfanya mama ajipapase na kukuta uvimbe uliokuwapo siku nyingi. Hayo mawili hayatenganishwi kwa hadithi ya namna pigo lilivyotokea.

Mama anayenyonyesha ndiye anayenipa wasiwasi zaidi. Titi lake likivimba, likawa jekundu na la moto, na yeye akapata homa, huwa ni maambukizi, na pengine jipu. Anapewa antibayotiki, anaendelea kunyonyesha, na ndani ya siku chache anapata nafuu. Jipu likishajaa usaha huvutwa kwa sindano au kupasuliwa. Hadi hapo hakuna tatizo. Tatizo ni mama aliyemaliza dozi ya kwanza bila nafuu, akapewa ya pili, kisha ya tatu, kwa sababu kila anayemwona anasema "ni maziwa yameganda". Ipo saratani inayovaa sura hiyohiyo ya maambukizi: titi linavimba kwa haraka, wekundu unaenea, ngozi inakuwa na vishimo mithili ya ganda la chungwa, na mara nyingi homa haipo. Kama dozi moja iliyokamilishwa haikubadili kitu, hatua inayofuata ni altrasaundi na kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachopimwa maabara, si dawa nyingine. Vipimo hivyo viwili ni salama kwa mjamzito na kwa anayenyonyesha, na mtoto haachishwi ziwa kwa sababu yake.

Dalili zinazotutia shaka mapema ni uvimbe mgumu wenye kingo zisizoeleweka, ulioshikamana na ngozi au na kifua; ngozi inayovutwa ndani; chuchu iliyoanza kuzama hivi karibuni (iliyozama tangu usichanani ni jambo jingine); damu inayotoka yenyewe kwenye chuchu ya upande mmoja; kidonda au ukurutu wa chuchu usiosikia mafuta; na tezi ngumu kwapani. Wanaume nao wamo, ingawa ni wachache: kati ya asilimia 0.5 na 1 ya wagonjwa wote wa saratani hii. Mvulana aliyebalehe akivimba chini ya chuchu, huwa ni homoni. Mzee wa miaka 65 mwenye uvimbe mgumu upande mmoja apimwe.

Hata hivyo, vidole vina mwisho wake. Zipo saratani za mviringo na laini ambazo ukizipapasa utaapa kuwa ni fibroadenoma. Kwa hiyo utaratibu wetu una sehemu tatu: daktari anapapasa matiti yote mawili na kwapa, picha inapigwa (altrasaundi kwa vijana, na mamogramu, yaani eksirei ya matiti, pamoja nayo kwa waliofika miaka 40), halafu kinyama kinachukuliwa pale kinapohitajika. Majibu ya sehemu hizo lazima yakubaliane. Picha ikitia shaka na kinyama kikasema salama, hatusherehekei, tunarudia.

Kwenye ripoti ya picha kuna alama ya BI-RADS, namba inayoonyesha picha inatia shaka ya saratani kiasi gani, kuanzia 0 hadi 6. Alama ya 2 ni uvimbe usio wa saratani. Ya 3 maana yake uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2, na kwa kawaida unarudi kupigwa picha baada ya miezi 6. Ya 4 na ya 5 zinadai kinyama. Ya 0 haimaanishi huna kitu, maana yake picha haijatosha kutoa jibu.

Kinyama kikitajwa, wengi hukimbilia hapa: "Ukiguswa na sindano, kansa inaamka." Si kweli. Waliochomwa sindano wakafariki walifika wakiwa wameshachelewa, na sindano ikasingiziwa. Kinyama huchukuliwa kwa sindano nene baada ya ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Binafsi sipendi uvimbe kukatwa wote kabla ya kujulikana ni nini, kwa sababu ukija kuwa saratani, upasuaji wa pili unakuwa mgumu zaidi.

Na kila kinachotolewa kiende maabara. Katika hospitali nyingi za wilaya sampuli hupelekwa mbali, kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando au KCMC, na wakati mwingine ndugu ndiye anayepewa kichupa akipeleke mwenyewe. Ikiwa ni wewe, uliza kama ndani kuna formalini, dawa ya maji inayohifadhi kinyama kisioze. Kinyama kilichowekwa kwenye maji kinaharibika, na kilichokaa kupita siku tatu kwenye formalini kinaweza kutoa majibu yasiyo sahihi ya vipokezi vya homoni (sehemu za seli za saratani zinazopokea homoni), ambavyo ndivyo vinavyoamua dawa. Andika jina, namba ya maabara na tarehe kwenye karatasi yako mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi wote uwe umekamilika ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipofika kituoni mara ya kwanza. Ukiona wiki tatu zimepita bila majibu, usikae nyumbani ukiamini kwamba kimya ni salama. Rudi na ile karatasi, uulize.