Umri wa akili: maana yake na mahali unapoishia

Katika kliniki za Dar es Salaam, redioni, na hata katika mapendekezo ya utafiti yanayoandaliwa kwa ajili ya kuombewa kibali cha maadili, sentensi moja inajirudia kupita kiasi: "Ana miaka 28, lakini akili yake ni ya mtoto wa miaka mitano." Mara nyingi anayeitamka ana nia njema, kwa kuwa anataka msikilizaji aelewe haraka na awe mpole. Hata hivyo, anatumia istilahi yenye maana finyu sana kana kwamba inamweleza mtu kwa ukamilifu wake, na upotoshaji huo hudhuru zaidi katika tafiti za kitabibu kuhusu ulemavu wa akili, ambako maneno ya namna hiyo hugeuka kuwa vigezo vya kumpokea au kumkataa mshiriki.

Umri wa akili ni alama ya mtihani. Mtu akipata katika kipimo fulani jumla ya alama iliyo sawa na wastani wa watoto wa miaka mitano waliopimwa wakati kipimo hicho kilipotengenezwa, husemwa kuwa ana umri wa akili wa miaka mitano katika kipimo hicho. Haimaanishi zaidi ya hapo.

Dhana hii ilizaliwa shuleni, si hospitalini. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuangalia watoto ambao hawakufaidika na masomo ya kawaida, na mwaka uliofuata mwanasaikolojia Alfred Binet na daktari Théodore Simon wakatoa kipimo chenye kazi 30 zilizopangwa kuanzia nyepesi hadi ngumu. Toleo la 1908 ndilo lililopanga kazi hizo kwa miaka ya watoto. Binet mwenyewe alipendelea kuzungumzia kiwango cha akili kuliko umri, na aliwapinga waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoweza kuongezeka. Alifariki mwaka 1911, na waliomfuata hawakuwa na tahadhari yake. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alipendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa. Mwaka 1916 Lewis Terman, wa Chuo Kikuu cha Stanford, alizidisha jibu kwa 100, na namba hiyo, iitwayo IQ (kifupi cha Kiingereza cha "mgawo wa akili"), ikaingia katika matumizi. Wakati huohuo Henry Goddard, aliyefanya kazi katika shule ya mji wa Vineland, New Jersey, aliwagawa watu wazima wenye ulemavu katika makundi kwa umri wa akili pekee: wasiozidi miaka miwili, wa mitatu hadi saba, na wa minane hadi 12. Majina aliyoyapa makundi hayo leo ni matusi. Ajabu ni kwamba katika shule hiyohiyo, mwaka 1935, Edgar Doll alitoa kipimo kinachouliza jambo tofauti kabisa, yaani mtu anajimudu vipi katika maisha ya kila siku, na kizazi cha kipimo hicho, chenye jina la mji huo, ndicho kinachotumika sana hadi sasa katika majaribio ya tiba za ulemavu wa akili.

Hesabu ya Stern ilikuwa na kasoro ambayo haikuweza kufichika. Uwezo wa kujibu maswali ya namna ile huongezeka kwa kasi utotoni, kisha ongezeko hupungua na kusimama, kwa hiyo hakuna jibu la "miaka 40" linaloweza kutofautishwa na la "miaka 30". Ndiyo maana mwanasaikolojia wa Marekani David Wechsler, katika kipimo chake cha mwaka 1939, aliiacha na kumlinganisha kila mtu na watu wa rika lake. Katika vipimo vya sasa wastani wa rika ni 100, mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho alama za watu kwa kawaida hutofautiana na wastani, ni 15, na alama ya 70, ambayo watu takribani wawili katika kila 100 hupata chini yake, ni mikengeuko miwili chini ya wastani. Humo hamna umri wa akili hata chembe. Anayesema kwamba mtu wa miaka 30 mwenye IQ ya 50 ana akili ya miaka 15 anapiga hesabu ambayo wataalamu waliiacha zamani.

Lakini hata pale umri wa akili unapokokotolewa kihalali, jumla ya alama haisemi ilipatikanaje. Mwanamke wa miaka 30 anayeishi Manzese na mtoto wa darasa la awali wanaweza kupata jumla moja huku mmoja akiwa amejibu maswali ambayo mwingine ameyakosa. Mwanamke huyo amepika, amefiwa, amependa, amepanda daladala hadi Kariakoo na kurudi. Mwili wake ni wa mtu mzima, na dozi ya dawa yake pia. Mtu mzima mwenye kimo cha mtoto wa miaka kumi hatusemi kwamba ana miaka kumi.

Watafiti wanaijua shida hii kwa sura nyingine. Wakitaka kuchunguza watu wenye sindromu ya Down, mara nyingi huwalinganisha na watoto wadogo wenye umri wa akili ulio sawa na wao, na hapo swali la kwanza linapaswa kuwa: sawa kwa kipimo gani? Wengi wenye sindromu hiyo huelewa maneno vizuri kuliko wanavyoweza kuunda sentensi, kwa hiyo ukitumia kipimo cha msamiati utapata kundi moja la kulinganisha, na ukitumia cha sarufi utapata jingine, na matokeo ya utafiti yatageuka pamoja nalo. Kwa watu wenye usonji pengo linaweza kuwa kubwa zaidi, kwa kuwa baadhi yao hupata alama za juu mno katika kipimo cha Raven, cha kukamilisha mafumbo ya maumbo bila kutumia maneno, kuliko katika kipimo cha Wechsler.

Muda nao huleta mkanganyiko wake. Mtoto anaweza kujifunza mambo mapya mwaka mzima na bado IQ yake ikashuka, kwa sababu wenzake wa rika wamejifunza mengi zaidi. Wazazi huambiwa amerudi nyuma, ilhali hakupoteza kitu. Umri wa akili ukitumika badala yake, miezi sita inayoongezeka katika jaribio la dawa inaweza kuwa ukuaji ambao ungetokea hata bila kidonge. Ndiyo sababu jaribio zuri huwa na kundi la kulinganisha, na watafiti wengi sasa hupendelea alama zinazopima hatua za mtu mwenyewe.

Kwetu kuna tatizo la ziada: kutafsiri maswali kwa Kiswahili hakuhamishi wastani wa watoto wa Marekani kuwa wa watoto wa Temeke. Vipimo vilivyotengenezwa katika ukanda huu, kama kile cha Kilifi nchini Kenya na kile cha Malawi, ni vya watoto wadogo, kwa hiyo havimsaidii anayetaka kumpima mtu mzima.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni fomu ya ridhaa. Mshiriki ana miaka 31, lakini kwa kuwa "ni kama mtoto", maelezo yote anapewa mama yake huku yeye akiwa ameketi kando. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa kitabibu, linataka zaidi ya hapo: hata pale mwakilishi wa kisheria anapotoa ridhaa, mshiriki anayeweza kueleza kukubali kwake lazima aulizwe, na akikataa, kukataa kwake kunapaswa kuheshimiwa. Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 12 kinamtambua mtu huyo kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine.

Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani hupanga ukali wa ulemavu wa akili kwa jinsi mtu anavyojimudu katika masomo, mahusiano na shughuli za kila siku, si kwa alama ya IQ. Basi anayeandika ripoti, au anayemtambulisha ndugu yake kliniki, anaweza kuuacha mfano wa mtoto wa miaka mitano na kusema, kwa mfano, kwamba huyu ni mtu mzima wa miaka 28, hupanda daladala peke yake katika njia aliyoizoea, hahesabu chenji ya noti ya shilingi 10,000, na huelewa maelezo yakitolewa jambo moja moja na kurudiwa. Iwapo umri wa akili ni lazima utajwe, jina la kipimo na tarehe ya kupimwa viandikwe kando yake.