Mzinga: neno la nyuki lililoingia vitani

Wanafunzi hutuuliza mara kwa mara: inakuwaje neno mzinga liwe nyumba ya nyuki, na hilohilo liwe silaha ya kubomolea ngome? Jibu limo katika umbo.

Mzinga wa asili ni kipande cha gogo kilichotobolewa kikawa wazi ndani, kikazibwa huku na huku, kikaachiwa tundu la kupitia nyuki, kisha kikatundikwa mtini. Warina asali wa Tabora na Singida wangali wakiitundika, mingine ikiwa ya magome. Hii ndiyo maana kongwe. Neno lenyewe ni la Kibantu, na ndugu zake wanaishi mbali na pwani: Waganda husema omuzinga, Warundi umuzinga, nao pia wanakusudia makao ya nyuki. Ndani ya Kiswahili, liweke karibu na zingo na zingira. Yote yana wazo la kuzunguka.

Silaha yenyewe ilizoeleka pwani hasa katika zama za Wareno. Mwaka 1505 kamanda wa Kireno Francisco de Almeida alizishambulia Kilwa na Mombasa, na mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu. Bunduki na risasi ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Lakini kwa lile bomba nene la chuma, la mviringo na wazi ndani, wenyeji walikuwa tayari na jina, tena jina zuri. Huo ni ubunifu unaostahili kufundishwa darasani, kwa sababu wengi bado wanadhani kila kitu kigeni lazima kije na jina lake.

Kutoka vitani neno likaingia katika heshima: rais hupigiwa mizinga 21. Mitaani nako, kumpiga mtu mzinga ni kumwomba fedha, na kwa Wakenya mzinga ni chupa kubwa ya pombe kali. Maana hizi zisidharauliwe. Zinatumika kila siku na zinastahili nafasi katika kamusi.

Nafasi ya kwanza, hata hivyo, ni ya nyuki. Wafugaji wengi sasa hutumia masanduku ya mbao yenye pembe nne, yasiyo na mviringo wowote, nayo bado yanaitwa mizinga.