4,294,967,297: namba iliyomponza Fermat

Zidisha 2 kwa yenyewe hadi kipeo cha 32, kisha jumlisha 1. Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kuwa namba za ukoo huu, ambazo vipeo vyake ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, zote ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Tano za mwanzo ni tasa kweli: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Ya sita ndiyo hii, na mwaka 1732 mwanahisabati Euler alionyesha kuwa ni 641 × 6,700,417.

Kwa macho huioni siri hiyo. Inaishia na 7, basi 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu zake ni 59, basi 3 nayo haimo. Ukijaribu namba tasa moja baada ya nyingine, 641 ni ya 116 kwenye foleni.

Kuna njia ya mkato. Tuseme p ni kigawo tasa cha namba yetu. Basi 2 kwa kipeo cha 32, ikigawanywa kwa p, inabakiza −1 (yaani p − 1). Kwa kipeo cha 64 inabakiza 1, na hakuna kipeo kidogo zaidi kinachobakiza 1. Lakini kanuni ndogo ya Fermat inasema 2 kwa kipeo cha p − 1 nayo inabakiza 1. Kwa hiyo 64 lazima igawe p − 1. Wanaobaki wa kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, 641: mgawanyo wa tano unatoa jibu. Baadaye mwanahisabati Lucas aliipandisha 64 ikawa 128, na hapo wanabaki 257 na 641 tu.

Wala huna haja ya kuandika tarakimu kumi. Fuata baki za 641 huku ukizidisha kila baki kwa yenyewe: 2, 4, 16, 256. Kisha 65,536 inabakiza 154. 154 × 154 ni 23,716, ukitoa 36 × 641 inabaki 640, yaani −1. Jumlisha 1, unapata sifuri. Kwisha.

Je, 6,700,417 ni tasa? Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589. Chini ya hapo, tasa zinazobakiza 1 zikigawanywa kwa 128 ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Hakuna inayoigawa, basi ni tasa.

Jihadhari na kipimo cha Fermat chenye msingi wa 2: unapandisha 2 hadi kipeo cha namba yako ukiipunguza 1, unagawa kwa namba hiyo, na ikiwa ni tasa baki huwa 1. Namba hii hukipita, kwa sababu ukiipunguza 1 unapata kigawe cha 64, na baki inakuwa 1 bila kujali kama ni tasa. Tumia msingi wa 3.

Kwenye programu, kosa ninaloliona la hatari zaidi ni kuihifadhi kwenye biti 32 (nafasi 32 za 0 au 1). Inahitaji 33, ile ya juu ikikatwa, kompyuta inabaki na 1, na mara nyingi haikuonyi kitu.