Sekta mbovu ni nini, na inawezaje kuigandisha kompyuta nzima

Kompyuta inaweza kuwa nzito kwa namna mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: umefungua kurasa arobaini kwenye kivinjari, RAM ni ndogo, mashine inajikokota. Huo ni uzito wa kila mahali, kila kitu kinachelewa kidogo kidogo. Ya pili ni tofauti. Kompyuta inakwenda vizuri tu, mara inaganda. Kishale cha kipanya kinatembea, lakini ukibofya hakuna kinachojibu. Dirisha linapauka, taa ya diski inawaka bila kupepesa. Zinapita sekunde ishirini, thelathini, halafu vyote ulivyobofya vinafunguka kwa mkupuo. Unarudi kwenye folda ileile, inaganda tena palepale.

Hiyo "palepale" ndiyo ya kushika. Kompyuta inayokwama kila mara kwenye faili moja au folda moja, mtu wa kwanza wa kushukiwa ni diski ngumu, na kosa lenyewe huwa ni sekta mbovu.

Ndani ya diski ngumu mna sahani nyembamba zenye utando wa sumaku, na kwenye kompyuta nyingi za nyumbani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya kila uso wa sahani kinaelea kisomaji chenyewe: kichwa kidogo sana, kilichoshikwa na mkono wa chuma, kikiwa umbali wa nanomita chache tu kutoka kwenye sahani. Unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita, kwa hiyo hata chembe ya vumbi kwa kichwa hicho ni jabali. Uso wa sahani umepangwa njia za duara, moja ndani ya nyingine, na kila njia imekatwa vipande. Kipande kimoja ndiyo sekta. Kwa miaka mingi sekta ilibeba baiti 512. Diski za miaka ya karibuni nyingi zina sekta za baiti 4,096. Picha ya megabaiti 4 basi inalala kwenye sekta zipatazo elfu moja, na diski haisomi nusu sekta: inaisoma yote au haijaisoma.

Sasa, kusoma sumaku si kazi safi. Hata diski mpya kabisa hukosea biti hapa na pale, tena mara nyingi kuliko tunavyodhani. Hatuyaoni makosa hayo kwa sababu kila sekta imeandikwa pamoja na msimbo wa kusahihisha makosa, na diski huyarekebisha kimyakimya. Sekta huitwa mbovu pale makosa yanapozidi uwezo wa msimbo huo. Diski imesoma, imepiga hesabu, hesabu imekataa.

Ubovu wenyewe ni wa aina mbili. Umeme ukikatika diski ikiwa katikati ya kuandika, maandishi ya sekta na msimbo wake huenda yasilingane. Hapo sahani ni nzima, kilichoharibika ni andiko. Ukiandika upya juu yake, sekta inapona, ingawa kilichokuwamo kimekwenda. Aina ya pili ni jeraha hasa: uso umechunika, utando umechoka, kichwa kimegusa sahani baada ya kompyuta kuanguka au kugongwa ikiwa imewashwa. Huo hauponi, na mara nyingi unazaa mwingine, maana unga uliochunika unabaki humo ndani ukizunguka.

Lakini kwa nini sekta moja kati ya mamilioni igandishe mashine nzima? Kwa sababu diski ni king'ang'anizi. Ikishindwa kusoma, haitoi taarifa ya kushindwa hapohapo. Inarudia. Na ili irudie lazima isubiri sahani izunguke mpaka sekta ileile ipite tena chini ya kichwa, yaani milisekunde 8 na ushei kwa diski ya mizunguko 7,200, au 11 kwa ile ya 5,400. Inasogeza kichwa kidogo kushoto, inajaribu. Kidogo kulia, inajaribu. Majaribio mia moja ni kama sekunde nzima, na diski ya nyumbani inaweza kuendelea hivyo kwa sekunde nyingi. Ikisalimu amri, mfumo endeshi nao unasema hebu jaribu tena, na mchezo unaanza upya. Muda wote huo maombi mengine yamepanga foleni nyuma. Programu unayoitaka iko kwenye sekta nzima kabisa, ila aliye mbele yake dirishani hajamaliza shida yake. Kishale kinatembea kwa sababu hakihitaji diski. Menyu haifunguki kwa sababu inaihitaji.

Diski za seva, kwa njia, hufundishwa kukata tamaa mapema, baada ya sekunde 7 hivi, kwa kuwa nakala ya data iko kwenye diski jirani. Ya nyumbani haina jirani. Uzito unaokukera ni diski ikihangaika kukuokolea faili.

Ndiyo maana ushauri wa haraka haraka, "hiyo ni virusi, piga skani", unaweza kuwa wa hatari. Niliwahi kuletewa kompyuta ya mezani iliyokuwa imepigwa skani usiku tatu mfululizo. Kila usiku skani ilikwama karibu na mahali pamoja, na mwenyewe akaamini kirusi kimejificha hapo. Kumbe skani husoma kila faili, kwa hiyo kila usiku ilikuwa ikikipeleka kichwa kilekile kwenye jeraha lilelile.

Kuthibitisha hakuhitaji fundi. Kwenye Windows, fungua Task Manager wakati imeganda, uende sehemu ya diski. Diski kufika asilimia 100 si ugonjwa peke yake. Mfumo ukijisasisha, au RAM ikijaa na data kuanza kumwagwa diskini, itafika huko. Angalia kasi na muda wa kujibu. Diski inayofanya kazi kwelikweli huonyesha megabaiti zinapita. Inayohangaika na sekta mbovu huonyesha asilimia 100 huku kasi ikiwa karibu na sifuri, na muda wa kujibu umepanda kutoka makumi ya milisekunde hadi maelfu. Kwenye kumbukumbu za matukio, yaani Event Viewer, tafuta tukio namba 7 lenye chanzo "disk": hilo ni Windows ikikiri kwamba imekutana na kipande kibovu.

Kisha soma SMART, daftari ambalo diski hujiandikia yenyewe. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo inalifungua. Kwa kawaida safu ya thamani ghafi humo huandikwa kwa mfumo wa namba kumi na sita, kwa hiyo A ni kumi, na 10 ni kumi na sita. Usije ukahesabu vibaya. Mistari ni mingi na mingi haina maana kwa suala letu. Mstari namba 5 ni sekta ambazo diski imeshazistaafisha na kuzibadilisha kwa za akiba, maana kila diski hutoka kiwandani na akiba hiyo. Namba 197 ni sekta zinazosubiri hukumu: zimeshindwa kusomeka, lakini diski haiwezi kuzibadilisha mpaka zisomeke au ziandikwe upya. Hizi ndizo zinazogandisha. Namba 198 ni zilizoshindikana kabisa. Na kuna namba 199, ambayo huwatisha watu bure: hiyo huhesabu makosa ya njiani kati ya diski na kompyuta, na mara nyingi mkosaji ni kebo. Badilisha kebo kabla hujaihukumu diski.

Usidanganywe na neno "nzuri" lililoandikwa juu kwa rangi ya kupendeza. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya diski zaidi ya 100,000 walizozifuatilia. Diski iliyoonyesha kosa lake la kwanza la kusomeka ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Wakati huohuo, zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote kwenye SMART, ukiacha joto. Kwa hiyo sifuri si hakikisho, ila namba inayopanda ni habari ya kuaminika.

Ikiwa 197 si sifuri, kazi ya kwanza ni kunakili, na ya pili pia ni kunakili. Anza na visivyopatikana kwingine: picha, nyaraka, hesabu. Faili ikikwama iruke, utairudia mwishoni. Usipange upya diski, usiweke Windows mpya juu yake, na usianze na chkdsk /r, amri inayopendwa sana na inayopita kila sekta ya diski. Ni dawa kali kwa mgonjwa ambaye hujatoa vitu vyake chumbani. Kama ubovu ni mwingi, programu ya ddrescue kwenye Linux ina busara zaidi: huchota kwanza sehemu nzima zote, ikiweka ramani ya ilipokwama, ndipo irudi kwenye majeraha. Na diski ikianza kugonga, tk, tk, tk, kwa mpigo mmoja, zima. Hapo kichwa chenyewe kimeumia, na kila dakika ya kuzunguka inakula sahani. Habari za kuiweka kwenye friji ziache. Unyevu humalizia kilichobaki.

SSD, yaani diski ya chipu, haina sahani wala kichwa, hivyo haigongi wala haisubiri mzunguko. Nayo ina vipande vinavyochakaa na akiba ya kuvibadilisha, lakini huweza kufa ghafla bila kukohoa, kwa hiyo kwake usingoje dalili.

Ukishanakili kila kitu, unaweza kuipima diski ya zamani: iandike yote upya kwa kuiformati kikamilifu, si ile ya haraka, kisha usome tena. Kama 197 imerudi sifuri na namba 5 haikusogea, yalikuwa maandiko tu, pengine ya umeme kukatika, na diski inaweza kuendelea kubeba vitu vyenye nakala kwingine. Isome tena baada ya wiki moja. Kama namba 5 imepanda, hata kwa mbili, itoe.